Gabriel Knight: mpelelezi wa mizimu na ngoma zinazosema

Wapenzi wa michezo ya zamani ya tarakilishi, leo tuzungumzie Gabriel Knight: Sins of the Fathers, mchezo uliotolewa na Sierra On-Line mwaka wa 1993. Kwa Kiswahili jina lake lingekuwa Dhambi za Mababa. Ni hadithi ya upelelezi yenye maiti, makaburi, nyoka na pepo. Nimeucheza hadi mwisho mara mbili, na kinachonirudisha si pepo hao. Chini ya hadithi yote kuna kazi ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri: kusoma alama zilizoandikwa na mtu ambaye hakukusudia uzisome wewe. Alama zenyewe katika mchezo huu zina asili ya Afrika. Hapo ndipo penye utamu, na hapo hapo ndipo penye ugomvi wangu nao.

Haya, tuanze na watu. Sierra ilianzishwa na mume na mke, Ken na Roberta Williams, huko California. Mchezo wao wa Mystery House wa mwaka 1980 ulikuwa mistari myeupe tu kwenye kioo cha Apple II, na huo pia ulikuwa wa upelelezi: wageni wanauawa mmoja mmoja ndani ya jumba, nawe unamtafuta muuaji kwa kuchapa amri fupi fupi kwenye kibodi. Kufikia miaka ya 1990 Sierra ilikuwa kampuni kubwa iliyojulikana zaidi kwa hadithi za wafalme na mazimwi.

Jane Jensen aliingia hapo baada ya kuandika programu katika kampuni ya Hewlett-Packard. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana linaonekana katika kazi yake. Mwaka 1992 alishirikiana na Roberta Williams kutunga King's Quest VI, kisha akapewa nafasi ya kutunga mchezo wake mwenyewe. Akachagua giza. Muziki uliandikwa na Robert Holmes, ambaye baadaye alimwoa. Toleo la diski laini lilikuwa la kusoma maneno kwenye kioo, lakini toleo la CD lilikuja na sauti za waigizaji wanaojulikana: Tim Curry ni Gabriel, Michael Dorn ni Dr. John wa makumbusho ya vudu, na Mark Hamill (naam, Luke Skywalker mwenyewe!) ni polisi Mosely. Msimulizi ni Virginia Capers, na sauti yake ni kama ya nyanya anayekucheka huku akikuonya.

Gabriel ana duka la vitabu katika mtaa wa French Quarter, New Orleans. Duka halina wateja, na riwaya alizoandika mwenyewe haziuzwi. Usiku anaota ndoto mbaya za mwanamke anayechomwa moto. Mjini kuna mauaji ambayo watu wanayaita ya vudu, naye anayafuatilia kwa sababu anatafuta habari za kuandikia kitabu kipya. Pole pole anagundua kwamba ukoo wake ni wa Schattenjäger, yaani wawinda-vivuli wa Ujerumani, na kwamba ndoto zile ni deni. Katika karne ya 17 babu yake mmoja alihusika katika kumchoma moto mwanamke mtumwa kutoka Afrika, Tetelo, huko Charleston, South Carolina. Laana ikaufuata ukoo mzima hadi kwake.

Uchezaji wenyewe ni wa taratibu. Kuna siku kumi, na siku haiishi mpaka ufanye yote yanayopasa. Ukikwama saa mbili, utakaa saa mbili. Kwa mtoto wa leo aliyezoea michezo ya kufyatua risasi, siku ya kwanza ni kama kungoja matatu siku ya mgomo. Lakini ukitulia utaona jinsi fumbo linavyojengwa. Unataka beji ya Mosely ili ujifanye polisi, lakini beji iko ndani ya koti alilovaa. Basi unapandisha joto ofisini kwake mpaka anatoka jasho, anavua koti, na mchezo umekwisha. Kwingine unataka kusikiliza redio ya pikipiki ya polisi; unamkokota mwigizaji wa mtaani anayefuata watu na kuigiza mwendo wao, unampeleka hadi kwa polisi yule, polisi anakasirika na kumkimbiza, redio inabaki peke yake. Hakuna risasi.

Jambo lililonivutia zaidi ni kinasa sauti. Kuna njia mbili za kuongea na mtu: salamu za kawaida, na mahojiano ya kina ambapo uso wa mhusika unajaza kioo na orodha ya maswali inajitokeza. Mahojiano yananaswa, na unaweza kuyasikiliza tena wakati wowote, mhusika mmoja mmoja. Mwenye kuandika programu atalitambua hilo mara moja: ni logi. Jensen alijua kwamba mchezaji, kama mtunzi wa programu mwenye hitilafu asiyoielewa, lazima arudi nyuma na kusoma tena kilichosemwa kabla mambo hayajaharibika.

Na jamani, tumpe Grace Nakimura haki yake. Jina kwenye kasha ni la Gabriel, lakini utafiti mwingi anaufanya Grace, msaidizi wake dukani. Anatafuta majina, anachimbua historia ya koo, anapokea simu, na malipo yake ni utani wa tajiri wake asiyejua adabu. Mchezo wa pili, wa mwaka 1995, ulimfanya Grace mhusika wa kuchezwa, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko picha zote za video zilizojaza CD zake sita.

Sasa twende makaburini. Katika St. Louis Cemetery Na. 1 kuna kaburi la Marie Laveau, mama mkuu wa vudu wa New Orleans aliyefariki mwaka 1881. Katika mchezo, wafuasi wa kundi la siri huandikiana ujumbe kwenye ukuta wa kaburi hilo kwa alama ngeni. Mwanamke mmoja mjuzi wa mambo hayo anakutafsiria, na baada ya hapo kazi yako ni ya kinyume: uandike ujumbe wa uongo kwa alama zile zile, kwa herufi ulizokwisha kuzijua. Ujumbe ni wa kumwagiza Dr. John, kwa kifupi "DJ", alete "sekey madoule", yaani jeneza.

Kitaalamu hii ni fumbo la kubadilisha herufi kwa alama, moja kwa moja, la aina ambayo al-Kindi alieleza jinsi ya kulivunja kule Baghdad katika karne ya 9, kwa kuhesabu ni alama ipi inajirudia zaidi. Udhaifu mkubwa zaidi ambao mchezo unauonyesha, hata hivyo, si wa hesabu. Ni kwamba ujumbe hauna sahihi. Yeyote anayejua alama anaweza kuandika, na anayesoma hana njia ya kujua nani aliandika. Kundi lililoishi kwa siri miaka mingi linaangushwa na mtu mwenye tofali mkononi. Nimewahi kuona mifumo ya kulipia bili iliyojengwa kwa akili hiyo hiyo, na si mwaka 1993.

Jensen hakubuni kila kitu hapo. Wageni waliotembelea kaburi linalosemwa kuwa la Laveau walikuwa kweli na desturi ya kuchora alama za X ukutani ili wapate haja zao. Desemba 2013 kuna mtu alilipaka lote rangi ya waridi, na mwaka 2015 dayosisi ikaanza kuwazuia watalii kuingia bila mwongozaji.

Sehemu iliyonisumbua ni ya ngoma. Pale Jackson Square mpiga ngoma anapiga mdundo, Gabriel anafungua kitabu cha midundo, na kila mdundo unageuka kuwa neno. Ujumbe ni kwamba kuna mkutano usiku huo. Vizuri kwa mchezo, lakini ngoma zinazosema hazikufanya kazi hivyo, na ukweli wake ni mtamu kuliko fumbo.

Aliyeeleza jambo hili vizuri ni John Carrington, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa misheni karibu na Kisangani ya leo, nchini Congo, na ambaye kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949. Aliishi na Walokele. Lugha yao ni ya toni: neno lile lile likitamkwa kwa sauti ya juu au ya chini hubadilika maana. Ngoma yao ni gogo lililochongwa kuwa tupu ndani, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Mpigaji haitumii orodha ya siri. Anaongea. Anaondoa konsonanti na vokali, anaacha toni peke yake.

Sasa angalia shida. Ukiondoa herufi ukaacha toni, maneno mengi yanafanana kabisa. Jina la mwezi na jina la kuku yana toni zile zile. Msikilizaji aliye mbali ng'ambo ya mto atajuaje? Dawa ya Walokele ilikuwa kurefusha. Hawapigi "mwezi" peke yake. Wanapiga mwezi pamoja na maelezo kwamba ndio unaotazama chini duniani. Kuku naye anapata maelezo yake, kwamba ni yule mdogo anayelia kwa sauti fulani. Maneno ya ziada hayaongezi habari mpya, lakini yanaondoa utata. Mwaka 1948, Claude Shannon wa Bell Labs alichapisha nadharia ya hesabu inayoeleza kwa nini mbinu ya namna hii inafanya kazi: njia ikiwa na kelele, ongeza ziada iliyopangwa, na ujumbe utafika. Ndiyo inayotumika katika CD zenye mikwaruzo na katika simu yako. Watu wa mto Congo walikuwa wameisuluhisha kwa mbao kabla ya hapo. (Mimi na wewe hatungeweza kufanya hivyo kwa Kiswahili, kwani lugha yetu haina toni za namna hiyo, tuna mkazo tu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.)

Na New Orleans yenyewe ina uwanja unaoitwa Congo Square, ambako watumwa walikusanyika Jumapili kucheza na kupiga ngoma. Mwaka 1817 sheria ya mji ilibana mikutano yao ifanyike mahali pamoja tu. Kule South Carolina, ambako mchezo unamweka Tetelo, mambo yalikuwa makali zaidi: baada ya watumwa kuasi mwaka 1739 karibu na mto Stono, sheria ya mwaka 1740 iliwakataza ngoma na pembe. Wenye mashamba hawakuwa na kitabu cha kutafsiri, lakini walishatambua kwamba kuna mawasiliano yanayopita juu ya vichwa vyao. Mchezo ungetumia hilo ungekuwa na fumbo la kutisha kuliko nyoka yeyote.

Niwe mkweli, Jensen alisoma sana kuliko watungaji wengi wa michezo wa wakati wake. Ndani ya makumbusho ya Dr. John na katika mahojiano unapata historia ya kweli: dini ya Vodun iliyotoka Dahomey, ikavuka bahari ndani ya meli za watumwa, ikakua Haiti, ikashiriki katika maasi ya mwaka 1791, kisha ikafika New Orleans. Huko ilipata nguvu zaidi wakimbizi zaidi ya 9,000 walipowasili kutoka Cuba mwaka 1809 na 1810. Mchezo unatenganisha watu wa kawaida wanaoomba na kundi la wauaji wanaojificha nyuma yao. Hilo si haba.

Lakini safari inapofika Benin, nilivunjika moyo. New Orleans kuna wauza mikate, mapadri, wachoraji, polisi, wajane, kila mmoja na orodha ya maswali. Ujerumani kuna kasri na mtunzaji wake. Benin kuna kilima cha kale chenye njia za mviringo, vyumba vyenye michoro ya nyoka, na maiti zilizokauka zinazoamka. Sikukutana na Mbenin hata mmoja wa kuhoji! Mpelelezi aliyeenda na kinasa sauti hadi chanzo cha hadithi yote anakuta watu hawapo. Na mwezi Februari wa mwaka ule ule wa 1993, mji wa Ouidah ulikuwa umejaa wageni wa tamasha kubwa la Vodun. Siku hizi nchi hiyo ina sikukuu ya kitaifa ya Vodun kila Januari. Wa kuhojiwa walikuwepo.

Nikirejea kwenye mambo ya kiufundi: kwa nini mchezo wa mwaka 1993 unakubali kuchezwa leo kwenye Linux, na hata kwenye simu ya Android? Jibu ni SCI, injini ambayo Sierra ilianza kuitumia mwaka 1988 katika King's Quest IV. Watunzi hawakuandika mchezo kwa lugha ya prosesa moja kwa moja. Waliandika skripti zenye vitu na madaraja yake, skripti zikageuzwa kuwa msimbo wa mashine ya kubuniwa, mashine ambayo haipo popote duniani. Halafu kitafsiri kidogo cha DOS, cha Windows au cha Macintosh kikajifanya ndicho mashine hiyo. Hadithi upande huu, kitafsiri upande ule. Waliomjua Java baadaye wakadhani ni jambo jipya.

Kampuni yenyewe haikudumu. Iliuzwa mwaka 1996 kwa CUC International, hesabu za uongo za CUC zikafichuka mwaka 1998, na Februari 1999 ofisi za Oakhurst, nyumbani kwa Sierra, zikafungwa. Mwaka huo huo ulitoka Gabriel Knight wa tatu, uliojengwa kwa injini tofauti ya pande tatu. Huo ndio wenye fumbo maarufu la masharubu ya paka: Gabriel anakusanya manyoya ya paka kwa utepe wa gundi ili ajitengenezee masharubu, ajifanye Mosely na kukodi pikipiki, ilhali Mosely hana masharubu, kwa hiyo inabidi pia kuyachora kwenye pasipoti yake. Mwaka 2000 Erik Wolpaw aliandika makala ya kulicheka fumbo hilo kama kifo cha aina hii ya michezo. Nacheka pia, lakini ndani ya mchezo huo huo kuna Le Serpent Rouge, ambapo unachora maumbo ya jiometri juu ya ramani ya Rennes-le-Château kwenye tarakilishi ya Grace. Sijaona fumbo bora zaidi ya hilo katika mchezo wowote.

Waliookoa michezo ya SCI ni watu wa kujitolea. Mradi wa FreeSCI uliisoma mashine ile ya kubuniwa amri baada ya amri, bila msaada wa Sierra, na mwaka 2009 kazi yao ikaunganishwa na ScummVM. Gabriel Knight akaingia rasmi katika ScummVM 2.0, Desemba 2017. Ukifungua msimbo wake utakuta orodha ndefu ya marekebisho ya hitilafu ambazo Sierra yenyewe iliziacha ndani ya CD. Huo ni upelelezi wa kweli: hakuna shahidi wa kumhoji, kuna alama tu.

Hapa kwetu sijui nani atafanya kazi hiyo. Kampuni moja ya Nairobi niliyoifanyia kazi ilikuwa na programu ya J2ME ya bei za mazao, iliyotumika kwenye simu za Nokia. Aliyeiandika alipoondoka, kilichopatikana ni faili moja ya .jar kwenye tarakilishi ya karani. Msimbo asilia haukuonekana tena. Tuliifungua ile .jar, tukasoma mashine ya Java amri kwa amri kwa wiki tatu, na maneno yote ya Kiswahili yalikuwa humo, "mahindi", "gunia", "soko la leo", yakiwa salama kabisa. Java nayo ni mashine ya kubuniwa, ndiyo iliyotuokoa. Programu za simu za miaka hiyo zilizoandikwa kwa prosesa moja kwa moja zimekwenda na simu zake.

Ukitaka kuucheza, GOG wanauza toleo la asili, na pia lile lililotengenezwa upya na Jensen mwaka 2014 lenye picha mpya na waigizaji wengine wa sauti. Mimi ningeanza na la asili, kwa sababu ya Tim Curry na yule nyanya msimulizi. Unakili faili zake, unazionyesha kwa ScummVM, basi. Weka karatasi na kalamu karibu kwa ajili ya alama za kaburini, na kabla hujatoka makumbusho ya Dr. John kwa mara ya mwisho, hakikisha kifaa cha kufuatilia kimo ndani ya jeneza.